Paka mgeni haingii sebuleni siku ya kwanza

Paka akifungwa kwenye kiroba, akapandishwa bodaboda kutoka Kiboriloni, Moshi, kisha akamwagwa sebuleni mbele ya paka wawili walioizoea nyumba kwa miaka minne, ugomvi unaanza kabla hajaujua hata mlango wa kutokea. Wenye nyumba husema, "Waacheni, watazoeana." Wapo wanaozoeana. Lakini mara nyingi mambo huharibika kimyakimya: mmoja anahamia darini na kushuka usiku tu, mwingine anaanza kukojolea makochi, wa tatu anashinda kwa jirani na mwishowe harudi. Lawama zote anabebeshwa mgeni, ilhali kosa lilikuwa la siku ya kwanza.

Paka huitambua nyumba yake kwa pua. Ana tezi za harufu mashavuni, kidevuni, chini ya mkia na katikati ya vidole, na kila anapojisugua kwenye kona ya meza anaacha alama kwamba hapa ni kwetu. Paka wanaoishi pamoja wakaelewana husuguana mpaka wote wanakuwa na harufu moja ya mchanganyiko, na harufu hiyo ndiyo kitambulisho chao. Mgeni anakuja na harufu ya nyumba nyingine, ya barabarani, ya hofu. Kazi yote ni kuifanya harufu yake iwe ya nyumbani kabla macho hayajakutana. Weka hesabu ya wiki tatu hadi sita. Kwa paka wazima wenye tabia ngumu inaweza kufika miezi kadhaa, na hiyo bado si dalili kwamba umeshindwa.

Chagua wakati vizuri. Katikati ya Desemba mpaka mwaka mpya si wakati wa kuanza jambo hili. Nyumba za Moshi zinajaa wageni kutoka kila kona ya nchi, watoto wanakimbizana, milango iko wazi mchana kutwa, usiku wa mwaka mpya kuna fataki. Nyumba nyingi za Arusha nazo siku hizo zinabaki na mlinzi tu. Tafuta wiki mbili ambazo ratiba ya nyumba imetulia na yupo mtu mmoja anayelibeba jukumu.

Kuhusu nani wa kuleta: kitoto cha wiki 10 hadi 16 hupokelewa kwa urahisi kuliko paka mzima, ila kwa paka mzee wa miaka 12 kitoto ni kero, kitamrukia mkia kila dakika. Mzee huyo anafaa kuletewa paka mzima mtulivu. Usichukue kitoto chenye chini ya wiki 8. Kinachonyang'anywa mama mapema hakijafundishwa kung'ata kwa kipimo, na hilo litawaudhi paka wenyeji baadaye. Dume asiyehasiwa ni tatizo la uhakika, kwa hiyo mhasi kwanza, na ujue kwamba homoni hupungua polepole, kama wiki 4 hadi 6 baada ya upasuaji. Jike naye anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, na mimba ya paka ni kama siku 63 hadi 65. Ukichelewa kumfunga kizazi, badala ya mgeni mmoja utakuwa na wageni watano.

Chumba cha mgeni

Kabla ya kumleta, tayarisha chumba chenye mlango unaofungika sawasawa. Stoo isiyo na dawa za shamba, choo cha wageni, chumba cha watoto walioko bweni, chochote. Ndani weka maji, chakula, beseni la choo, boksi la kujificha, na kitu cha kupanda juu, hata stuli. Chakula na choo vikae pande tofauti za chumba, maana paka hapendi kula karibu na anapojisaidia. Juni na Julai, baridi ya Arusha inapoingia mifupani, boksi liwekewe blanketi au sweta kuukuu na liinuliwe kutoka kwenye sakafu ya saruji.

Unayekaa chumba na sebule ya kupanga, tumia kizimba. Upana wa sentimita 90, kina 60 na kimo 60 ndicho cha chini kabisa, na kifunikwe khanga pande tatu ili aone upande mmoja tu. Kiweke pembeni, mbali na mahali wenyeji wanapolia chakula.

Choo cha paka si lazima kiwe cha dukani. Beseni la kufulia lenye urefu wa mara moja na nusu ya mwili wa paka linatosha, na mchanga wa ujenzi uliochekechwa, kina cha sentimita 5 hadi 7. Masika, mchanga ukikataa kukauka, maranda ya seremala hufaa, ila uliza kwanza: mbao zilizotiwa dawa ya mchwa maranda yake yana sumu, na paka hujilamba nyayo. Pumba za mpunga zinapatikana kwa wingi Moshi, lakini ni nyepesi, paka akifukua zinasambaa chumba kizima. Idadi ya mabeseni ni idadi ya paka ukiongeza moja. Paka watatu, mabeseni manne, na yasipangwe yote kwenye kona moja, kwa sababu paka mmoja mkorofi anaweza kuketi hapo na kuwazuia wenzake wote.

Jambo linaloharibu mpango kuliko yote ni mlango. Dada wa kazi anaingia kudeki, anauacha wazi kidogo, basi. Mtoto anataka kumwonyesha rafiki yake paka mpya. Fundi wa umeme anapita. Kaa na watu wote wa nyumbani uwaeleze sababu, siyo amri tu. Mtu akijua kwamba dakika moja ya mlango wazi inarudisha kazi nyuma wiki nzima, ataulinda.

Siku 14 za mwanzo ni za afya pia. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hajaingia nyumbani ikiwezekana: minyoo, viroboto, masikio, meno, na chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo paka huchomwa akifikisha miezi mitatu. Chanjo za wenyeji zihakikiwe siku hiyohiyo. Wiki mbili za kumtenga zinatosha kuyaona mafua ya paka au kuhara, lakini kichaa kinaweza kulala mwilini kwa miezi, ndiyo maana chanjo haisubiri. Panleukopenia, ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara, ndugu wa parvo ya mbwa, nayo huua vitoto haraka, na virusi vyake vinaweza kudumu chumbani hata mwaka. Kama kuna paka aliyekufa nyumbani kwa kutapika na kuhara, safisha chumba kwa sabuni kwanza, halafu dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, sehemu 1 kwa maji sehemu 20, uiache ilowe dakika 10, usuuze, ukaushe. Usitumie ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia maji. Ina kemikali ambazo ini la paka haliwezi kuzivunja, naye atazilamba kutoka kwenye nyayo.

Hili la viroboto nalisema kwa msisitizo kwa sababu linaua paka wengi katika miji yetu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe na dawa ya kupe ya mbwa si za paka, hata ukizizimua. Nyingi zina pamethrini, saipamethrini au amitrazi. Paka aliyepakwa huanza kutetemeka masikio na ngozi, kudondosha mate, kisha degedege. Ukiona hivyo, mwoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mfunge taulo apate joto, mkimbize kwa daktari. Dawa ya viroboto inunuliwe ile iliyoandikwa kwamba ni ya paka, kwa uzito wake. Mizani ya jikoni inatosha kumpima kitoto.

Kila siku mwangalie macho, pua, choo, na manyoya. Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, hasa usoni na masikioni, mara nyingi ni fangasi, na watoto wanaweza kuambukizwa. Mgeni kukataa kula siku ya kwanza ni kawaida. Saa 24 zikipita bila kula chochote, mpigie daktari, hasa kama ni mnene, kwa kuwa paka mnene akishinda njaa siku chache ini lake hujaa mafuta. Mpashie chakula moto kidogo, harufu ipande. Mwili wa paka unahitaji nyama, hautajengeka kwa ugali uliochovywa maji ya dagaa. Maziwa ya ng'ombe yaache, huwaharisha paka wengi.

Pua kwanza

Kuna methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa paka, siku ya tatu ndiyo hatari, kwa sababu hapo mgeni ameacha kulia, anakula, anajisugua miguuni pako, na mwenye nyumba anashawishika kufungua mlango. Mgeni ametulia, kweli. Wenyeji hawajatulia. Wanaosubiriwa ni wao.

Chukua soksi safi ya pamba isiyofuliwa kwa sabuni ya manukato. Mpanguse mgeni mashavuni, kuanzia kwenye masharubu kurudi nyuma chini ya sikio, mara tano au sita kila upande. Iweke sakafuni sebuleni, isiwe kwenye bakuli la chakula wala kitanda cha mtu. Halafu kaa kimya utazame.

Mwenyeji atakuja ameinamisha shingo, mwili mrefu, miguu ya nyuma imebaki pale pale tayari kukimbia. Atanusa. Pengine atainua kichwa, mdomo wazi kidogo, midomo imevutwa nyuma kama mtu aliyeonja ukwaju. Hajakasirika. Anaivuta harufu mpaka kwenye kiungo kilicho juu ya kaakaa, nyuma ya meno ya mbele, na hapo anaisoma. Akifoka na kuondoka, iache soksi hapo hapo ikae. Akiipiga kofi na kusimamisha manyoya ya mgongoni, isogeze mbali zaidi, kesho ujaribu tena. Siku atakayoipita bila kuigeukia, au akailalia, hatua hii imeiva. Fanya hivyohivyo upande wa pili, soksi ya wenyeji iende kwa mgeni. Baadaye soksi moja iwapanguse wote kwa zamu, mgeni akiwa wa mwisho.

Wiki mbili za kumtenga zikiisha salama, badilishaneni vyumba. Wenyeji wafungiwe chumbani mwako kwa saa moja au mbili, mgeni azunguke sebule na jikoni peke yake, asugue miguu ya meza, ajue maficho yote. Kisha arudi chumbani kwake, wenyeji watoke na wakute nyayo zake. Paka anayeijua nyumba hakimbii ovyo anapoogopa, na asiyekimbia ovyo hakimbizwi. Usimwogeshe mgeni katika siku hizi, utaifuta kazi yako yote.

Wakati huohuo chakula kinafanya kazi yake. Mabakuli yawekwe pande mbili za mlango uliofungwa, mita mbili kutoka mlangoni kila upande, kwa saa zilezile kila siku. Kila mlo usogeze sentimita 20 au 30, almradi wote wanakula bila kusita. Anayesimama katikati ya mlo na kuukodolea macho mlango amekwambia umeenda haraka, kwa hiyo rudisha bakuli lilipokuwa jana. Wakishakula wakiwa karibu kabisa na mlango, mmoja huku na mwingine kule, kwa siku tatu mfululizo, macho yanaweza kukutana.

Kuonana kupitia wavu

Mwombe seremala fremu ya mbao ya mbili kwa mbili, upana na kimo cha mlango wako, iwambwe waya wenye matundu ya nusu inchi. Wavu wa kawaida wa kuku hauna faida hapa, mguu wenye makucha unapita. Wala usifanye fremu fupi ya kufika kiunoni, paka mzima anairuka bila kujisumbua. Bawaba mbili na komeo moja zinatosha. Mwenye nyumba akikataa misumari, ikazwe kwa kabari za mbao juu na chini. Pigilia kitenge kikuukuu upande mmoja wa wavu, kiwe pazia.

Siku ya kwanza pazia liinuliwe sentimita kumi tu chini, wakati wa kula, dakika tano, kisha lishushwe kabla paka yeyote hajamaliza chakula. Unataka wakumbuke kwamba mwenzao akionekana kuna nyama, na akitoweka nyama nayo imekwisha. Ongeza kidogo kidogo. Hapa jifunze kusoma mwili. Kufoka mara moja na kugeuka ni mazungumzo, haina shida. Kinachotisha ni ukimya: macho hayapepesi, masikio yamegeuzwa pembeni na kulala, ncha ya mkia inapigapiga, mwili umeganda. Hapo usimshike wala usimkemee. Ingiza kipande cha boksi au mto katikati ya macho yao, wakikosa kuonana mshipa unalegea. Ukiona mmoja anapepesa taratibu, anajilamba au anamgeuzia mwenzake mgongo na kuketi, kazi inaenda.

Siku ya kukaa chumba kimoja

Iwe alasiri, wamekula, wamechezeshwa na kamba mpaka wamechoka kidogo. Chumba kiwe na njia mbili za kutoka na sehemu za juu zaidi ya moja, juu ya kabati, dirishani, kwenye mgongo wa kochi. Sogeza kochi lililobana ukutani, paka akikimbilia nyuma yake na kukuta hakuna pa kutokea, atapigana. Usiwabebe mikononi "kuwatambulisha". Paka aliyeshikwa hana pa kukimbilia, na makucha yatapita usoni kwako.

Dakika kumi zinatosha kwa mara ya kwanza. Malizia wakiwa bado wametulia, usisubiri waharibu. Kesho dakika 15, keshokutwa 20, mara mbili kwa siku. Usiwaache peke yao, wala wasilale chumba kimoja, mpaka wapitishe kama wiki mbili bila kukimbizana kwa hasira. Ukiwa na wenyeji wawili au zaidi, anza na yule mpole peke yake. Ukiwaingiza wote kwa pamoja, mgeni anazingirwa.

Kukimbizana kwa zamu, leo huyu anafukuza kesho yule, bila sauti, ni mchezo. Sauti ikipanda, manyoya yakiruka, ni vita. Mikono yako ibaki nje. Piga sufuria kwa kijiko, warushie blanketi zito, telezesha boksi pana katikati, kisha kila mmoja aende chumbani kwake na giza kidogo. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu ya kichaa na kwa sababu jino la paka huingiza ndani ya kidole vijidudu vinavyoleta usaha. Paka wenyewe wakagueni baada ya siku mbili, tatu: uvimbe wa moto kwenye shavu au shina la mkia ni jipu la meno. Baada ya vita, siku mbili au tatu za kutengana, halafu urudi kwenye wavu, usianzie ulipoishia.

Yapo maonevu yasiyo na kelele, na haya ndiyo wengi hawayaoni. Mwenyeji analala kwenye korido, amejinyoosha tu, kumbe amefunga njia ya kwenda chooni. Mgeni anajibana mkojo mpaka ashindwe, kisha anakojolea kapeti, na kupigwa anapigwa yeye. Ongeza beseni upande aliko, weka bakuli la pili la maji mbali na la kwanza. Na dume yeyote anayekwenda chooni mara kwa mara, anajikamua, analia na hatoi kitu, si mkorofi: mkojo umeziba, jambo ambalo fadhaa ya mgeni inaweza kulichochea. Huyo apelekwe kwa daktari saa hiyohiyo, ukisubiri mpaka kesho unaweza kumkosa.

Kuna na pakashume wa mtaani. Anapita juu ya ukuta, anasimama dirishani jioni, anapulizia mkojo mlangoni. Paka wako ndani wanapandwa na hasira, hawawezi kumfikia, wanamgeukia aliye karibu, na marafiki wa mwezi mzima wanararuana. Ziba nusu ya chini ya dirisha kwa pazia au karatasi, osha ukuta wa nje. Wakigombana kwa sababu yake, watenganishe mpaka mboni zirudi kuwa nyembamba na wale chakula, hata kama ni saa kadhaa.

Na paka akirudi kutoka kwa daktari, hata miaka miwili baadaye, anarudi na harufu ya dawa na mbwa, na wenzake watamfokea kama hawajawahi kumwona. Mweke kwenye chumba chake cha zamani nusu siku ajilambe. Chukua soksi, wapanguse waliobaki nyumbani mashavuni, halafu mpanguse yeye mgongoni na ubavuni, ndipo umfungulie mlango.